Vyanzo vya Anayeuguza

Wanafunzi walimwita Bwana Kimya. Juu ya meza yake palining'inia kibao chenye neno KIMYA kwa herufi kubwa, na kwa kuwa meza haikuwahi kuhama mwaka nenda mwaka rudi, na mwenyewe hakuwa mtu wa maneno mengi, ilionekana kana kwamba kibao kimetundikwa kumtambulisha. Hakuchukia. Jina lake halisi lilikuwa kwenye hati ya mshahara, na kwingineko halikuwa na kazi sana.

Alikuwa mkutubi wa marejeo katika maktaba ya chuo. Mtu akija na swali, yeye alimwonyesha njia ya kulifikia jibu: atazame jarida lipi, apande kwenye rafu ipi, tanbihi ya nani aifuate na imfikishe wapi. Zamani foleni ya waliomhitaji iligusa mlango. Siku hizi kila mwanafunzi alikuwa na simu yake kiganjani, na waliosimama mezani kwake walitaka zaidi nywila ya intaneti, au kujua choo kiko upande gani. Aliwajibu wote kwa upole ule ule, kisha akarudi kupangusa kibodi ya kompyuta yake, ambayo kwa kupanguswa sana baadhi ya herufi zilikuwa zimefutika.

Chumba cha nyuma alikaa mama mmoja mjane, kazi yake kuorodhesha vitabu vipya na kuvibandika lebo migongoni, ndiyo maana wakampachika jina la Bi Lebo. Yeye na Bwana Kimya walifanya kazi mlango kwa mlango tangu nywele zao zikiwa nyeusi. Walisalimiana asubuhi, wakaagana jioni, na katikati ya salamu hizo kulikuwa na ukuta.

Nyumbani aliishi peke yake katika nyumba ya marehemu kaka yake. Kaka huyo, mkubwa wake, alipigwa na kiharusi wakati mkewe ameshafariki na watoto bado wako shule. Bwana Kimya alihamia pale na mkoba mmoja, akisema ni kwa muda tu. Muda ukawa miaka. Alimwosha kaka, akamlisha, akamgeuza, akawasomesha watoto. Kisha kaka alifariki, vijana wakaota mbawa kila mmoja na mji wake, na nyumba ikabaki na baba yao mdogo na saa ya ukutani. Vijana hawakuwa na ubaya. Walimpigia simu mara moja moja, wakamuuliza kama ni mzima, akasema ni mzima, na mazungumzo yakasimama hapo kama gari lililoishiwa mafuta.

Kwenye meza ya marejeo kulikuwa na simu ya waya, iliyowekwa kwa ajili ya wanafunzi wanaosomea mbali, wale wasiofika chuoni ila wakati wa mitihani. Ililia kwa nadra mno. Alhamisi moja, wenzake wametoka kwenda kula, ililia.

Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya chini, kama ya mtu anayeongea karibu na mtoto aliyelala. Aliomba radhi kwa kupiga saa ya chakula. Alieleza kwamba ni mwalimu wa sekondari, amechukua likizo ndefu kumtunza mama yake aliyepooza, na huku anasoma shahada ya uzamili. Intaneti ya kwao ni ya kusuasua, ukifungua ukurasa mmoja unaenda kuchemsha chai, unakunywa, unaosha kikombe, ndipo ukurasa unatokea. Sasa ameanza tasnifu, nayo inahusu anayeuguza katika riwaya.

"Muuguzi?" aliuliza Bwana Kimya, kalamu mkononi.

"Hapana. Muuguzi ana sare na mshahara. Mimi namtaka yule wa nyumbani. Mgonjwa ana maneno yake kitabuni, daktari ana yake, hata jirani aliyekuja kutoa pole ana yake. Yule anayeuguza anaingia na beseni, anatoka na beseni. Nataka kujua nani ameandika kumhusu."

Msimamizi wake alikuwa ameshamwambia kwamba mada ni nzuri lakini haipitishi bila vyanzo. Bwana Kimya hakuahidi kitu. Alimwomba apige tena Alhamisi inayofuata, saa hiyo hiyo, kwa kuwa ndipo mama hulala baada ya kula.

Alianza kutafuta kabla wenzake hawajarudi. Aliandika "mwuguzaji" kwenye katalogi, katalogi ikasema hakuna. Akaandika "muuguzi", akaletewa vitabu vya mafunzo ya hospitali, namna ya kufunga bandeji na maadili ya kazi. "Mgonjwa" ikaleta mafuriko. Tatizo hilo alilijua, lilikuwapo hata kabla ya kompyuta: kitu ambacho watu hawajakipa jina hakitafutiki kwa jina. Inabidi ujiulize waliita nini walipokuwa wanakipita. Akachukua karatasi akaanza kuandika maneno ya pembezoni. Binti asiyeolewa. Mkwe. Kazi za nyumbani. Ulemavu. Kufia kitandani. Akayaoanisha mawili mawili, akayatia kwenye alama za nukuu, akaiamuru mashine iondoe kila chenye neno hospitali.

Siku zilizofuata mezani kwake palijaa vikaratasi. Katika jarida moja lililokwisha kufa zamani alikuta makala kuhusu mabinti waliobaki nyumbani, na humo ndani aya moja tu ikamtaja binti aliyemtunza baba. Tanbihi ya aya ile ilimpeleka kwenye tasnifu ya chuo kingine. Tasnifu ikampeleka kwenye kitabu, na kitabu hakikuwamo maktabani. Mtafutaji hachoki, na akichoka keshapata, ndivyo wasemavyo. Yeye alichoka kabla ya kupata, lakini ulikuwa uchovu mtamu ambao hakuwa ameuonja kwa muda mrefu.

Alhamisi simu ililia. Akamsomea alichokipata: jina la makala, mwandishi, mwaka, muhtasari. Mwalimu, kama alivyoanza kumwita, alisema "hiyo hapana" au "hiyo rudia". Kwa kuwa mafaili makubwa hayakufika kwake, na posta ilichukua majuma, ikabidi zile zinazofaa amsomee kurasa nzima, naye aandike. Sauti ya Bwana Kimya ikasikika maktabani kwa mara ya kwanza, na wanafunzi wakanyanyua vichwa kumtazama mtu akiivunja sheria ya kibao chake mwenyewe. Aliona haya. Waya wa simu ulikuwa mrefu, ukafika hadi nyuma ya kabati la kadi za zamani ambazo hakuna aliyezigusa tena. Akaweka kigoda huko, na huko ndiko alikosomea Alhamisi zote zilizofuata.

Aliizoea ile nyumba asiyoijua. Katikati ya ukurasa Mwalimu angesema, subiri kidogo Mkutubi, akaweka simu chini bila kuikata. Bwana Kimya alisubiri. Alisikia bawaba kavu ya mlango, godoro likilalamika, maji yakimiminwa kwenye beseni, na viganja vyake vikajua joto la maji yale bila kuambiwa. Alimsikia mama mtu akiuliza kwa ulimi mzito ni nani huyo. Siku moja mama alisema, tena wazi kabisa, wazime redio hiyo, tangu asubuhi inasoma majina ya watu na hata wimbo haipigi. Mwalimu aliporudi walicheka wote wawili, Bwana Kimya akijiziba mdomo kwa kiganja. Tangu hapo Mwalimu akipiga aliuliza kama redio imefunguliwa, naye akajibu kuwa iko hewani.

Zaidi ya hapo hawakuambiana mengi. Alijua mama anachelewa kumeza na kwamba mchana akikosa usingizi huwa mkali. Hakujua Mwalimu ana umri gani wala anafananaje. Kuhusu kaka yake hakusema neno, maana aliyepiga simu ndiye mwenye mgonjwa, na si adabu kuingiza msiba wako wa zamani katika uchovu wa mwenzako. Hata hivyo Jumatano jioni alianza kupiga pasi shati, ingawa simu haina macho. Bi Lebo alimwambia mlangoni kwamba siku hizi Alhamisi haonekani kwenye chakula. Akajibu kwamba kazi zimekuwa nyingi, na Bi Lebo akaitikia akaendelea na safari yake.

Ili kukipata kile kitabu kilichotajwa kwenye tasnifu, aliiandikia barua maktaba iliyokuwa nacho. Walikataa. Akaandika tena, akaeleza vizuri zaidi, wakakubali kukiazimisha kwa majuma machache kwa sharti kisitoke nje ya jengo. Kilipofika alikisoma yeye kwanza. Kilikuwa na sura nzima juu ya anayeuguza, imeandikwa na mtu ambaye ungesema alikaa pembeni ya kitanda akatazama kila kitu. Alichomeka vipande vya karatasi pale alipotaka kumsomea Mwalimu, na kwa siku mbili zilizobaki kufika Alhamisi alitembea kama mtu mwenye zawadi mfukoni.

Alhamisi Mwalimu alipiga mapema kidogo. Bwana Kimya alikuwa ndiyo kwanza anaanza kusema kwamba kitabu kimefika, Mwalimu akamwambia asubiri, mama anaita. Simu ikawekwa chini. Alisikia bawaba. Alisikia kandambili zikienda haraka, kisha Mwalimu akiita mama, akaita tena, na mara ya tatu akaita kwa sauti nyingine. Palikuwa na mlango uliofunguliwa kwa kishindo, sauti ya mwanamke mwingine, labda jirani, halafu simu ikakatika yenyewe kwa kuisha salio. Bwana Kimya alibaki kwenye kigoda na mkono wa simu sikioni hadi wenzake waliporudi kula.

Juma lililofuata simu haikulia. Wala lililofuata hilo. Akawa anaisikia hata isipolia, anageuka ghafla mbele ya mwanafunzi anayemwuliza nywila. Namba ya Mwalimu ilikuwa kwenye fomu ya kuazimia kile kitabu, na mkutubi kumpigia msomaji kuhusu kitabu ni jambo la kila siku. Lakini kila alipoinua mkono wa simu ulikuwa mzito. Atasema yeye nani? Kwenye nyumba ile alikuwa redio. Siku za kitabu zilipokaribia kuisha ndipo alipopata kisingizio, akapiga moyo konde, akazungusha namba.

Alipokea mwanamume. Alisema mwenye simu ni mdogo wake na kwa sasa hawezi kuongea na mtu.

"Wewe ni nani kwake?" akauliza.

Swali lilikuwa la haki. Bwana Kimya alilitafutia jibu kama anavyotafuta vitabu, neno hili na lile, na hakuna lililoleta kitu.

"Ni wa maktaba," alisema.

"Ana kitabu chenu?"

"Hapana. Sisi ndio tuna chake."

Yule kaka mtu akalegeza sauti. Alimweleza kwamba mama alifariki Alhamisi ile, wameshazika, na mdogo wake amekaa tu, chakula anakigusa kwa ncha ya kidole, na mambo ya kusoma amesema ameyafunga. Aliomba wamwache apumzike. Bwana Kimya alitoa pole, ikapokelewa, simu ikaisha.

Aliitoa nakala ile sura, akaitia kwenye bahasha kubwa, kisha akakaa kuandika maneno ya kusindikiza. Aliandika ukurasa mzima. Aliandika juu ya redio, juu ya bawaba, juu ya sauti ya maji. Aliporudia kusoma, aliona ni barua ya mtu mwenye haki fulani ambayo yeye hakuwa nayo. Akaichana. Akaandika: "Pole sana kwa msiba, Mwalimu. Hii ndiyo sura uliyokuwa unaitafuta. Mkutubi." Akaipeleka posta mwenyewe. Kitabu akakirudisha kwa wenyewe, na meza yake ikawa safi kama ilivyokuwa zamani.

Muhula uliisha, mwingine ukaanza. Wageni wakaja, wakauliza intaneti. Bwana Kimya alirudi kwenda kula na wenzake, akakaa mwisho wa meza, akala, akanyanyuka. Jumatano hakupiga pasi.

Simu ilipolia tena haikuwa Alhamisi. Ilikuwa asubuhi, maktaba imejaa. Sauti aliijua mara moja, ingawa haikuwa ya chini tena, kwani hapakuwa na wa kuogopa kumwamsha. Mwalimu alimshukuru kwa ile sura. Akasema amepiga ili amwambie asiendelee kumtafutia, asijichoshe bure. Barua ya kujiondoa chuoni ameshaiandika, bado kuituma. Bwana Kimya aliuliza kama sura haikufaa.

"Imefaa. Yote ni kweli," alisema Mwalimu. "Lakini inafika mgonjwa anapokufa, inaishia hapo. Vitabu vyote vinaishia hapo, kana kwamba na anayeuguza amezikwa naye. Nimewauliza watu, wananiambia sasa utapumzika."

Bwana Kimya aliubeba mkono wa simu akaenda nao nyuma ya kabati. Hakukaa. Kwa muda alitazama zile droo za kadi, kila moja na herufi yake.

"Mimi nilimuuguza kaka yangu," alisema. "Alipokufa watu walijaa nyumba nzima, wakanipa pole ya msiba. Nawashukuru. Lakini baada ya hapo mlango haukugongwa tena. Ndipo nikajua walikuwa wanakuja kwa kaka, mimi nilikuwa mlango, wanapita. Na mikono yangu hakuna aliyeiambia kwamba kazi imekwisha. Saa ya kumgeuza ikifika, inaamka. Nilikuwa nimeachishwa kazi, Mwalimu, kazi ambayo niliijua kuliko hii ya maktaba, na pole ya hiyo hakuna aliyenipa."

Upande wa pili hapakuwa na sauti ya maji wala ya godoro. Bwana Kimya akaanza kujuta, akawaza kwamba mtu aliyekaa miaka bila kusema akifungua mdomo siku moja lazima atakosea.

"Umeyasoma wapi hayo?" aliuliza Mwalimu.

"Sijayasoma. Nimeyatafuta, hayapo."

"Basi nitayaandika mimi. Nikutajeje?"

Alimkatalia. Alimweleza kwamba yeye si chanzo. Chanzo kina mwandishi, mwaka na mahali kilipochapwa, na yeye ametumia maisha yake kuwakanya wanafunzi wasinukuu kitu ambacho msomaji hawezi kukifuata. Mwalimu akamjibu kama anavyomjibu mwanafunzi mkaidi, kwamba mahojiano ni chanzo, msemaji yupo, tarehe ipo, njia ipo, na yeye kama mkutubi anajua hilo vizuri. Bwana Kimya aliomba tu jina lake lisiwekwe. Mwalimu akakubali. Baada ya kurudisha simu mahali pake ndipo alipong'amua kwamba hata hivyo Mwalimu hakuwahi kuliuliza jina lenyewe.

Mwalimu akarudi kwenye kazi yake, lakini Alhamisi hazikurudi. Alikuwa amehamia kwa kaka yake, mji wenye intaneti nzuri, na majarida aliyafungua mwenyewe. Bwana Kimya alikuwa amemfundisha kutafuta, na alikuwa amemfundisha barabara. Mara nyingine ilikuja barua pepe fupi, amhakikishie ukurasa fulani au mwaka wa chapa. Alijibu papo hapo, kila mara, akijitahidi jibu lisiwe fupi mno. Baadaye hizo nazo zikakoma.

Mwalimu alikuja mwenyewe siku ya kukabidhi tasnifu. Bwana Kimya aliinua macho akamwona mwanamke mrefu mwenye miwani na mkoba wa safari, na nyuma yake mwanamume mnene aliyeshika funguo za gari. Aliuliza kwa adabu kama yule mkutubi wa kwenye simu yupo.

"Ndiye mimi, Mwalimu."

Alimtazama. Akatoa mkono, kisha akauongeza na wa pili juu yake. Alisema siku zote alidhani ni mzee sana, kwa ile sauti. Bwana Kimya akasema yeye alidhani Mwalimu ni mfupi. Walicheka kidogo, kicheko kikaisha, na hakikuacha kitu mahali pake. Kwenye simu hawakuwahi kukosa neno. Sasa macho yaliingia katikati yakaharibu. Mwalimu alisema njia ilikuwa ndefu na ina vumbi. Bwana Kimya akakubali kwamba msimu huu vumbi ni jingi. Mwalimu alieleza kwamba amerudishwa kazini, shule ya mbali zaidi, na wanaondoka leo hii hii. Bwana Kimya alifikiria kumkaribisha aone kigoda cha nyuma ya kabati, pale alipokuwa anakaa kumsomea. Lakini kigoda chenyewe kilikuwa kimepasuka mguu, na ukikitazama kwa macho ya mgeni kilikuwa kigoda tu.

Yule mwanamume, ndiye yule kaka wa kwenye simu, alizichezesha funguo. Mwalimu akaweka mezani nakala mbili zenye jalada gumu, kama kanuni zinavyotaka.

"Asante kwa yote, Mkutubi," alisema. Akaongeza, kwa sauti ile ya chini ya zamani, "Mama aliipenda ile redio. Alikuwa anailalamikia, lakini nikiizima anauliza mbona imenyamaza."

Bwana Kimya aliitikia kwa kichwa. Aliwasindikiza kwa macho dirishani mpaka gari lilipokata kona.

Peke yake alifungua ukurasa wa shukrani. Mwalimu alimshukuru Mungu, marehemu mama, kaka na wifi, msimamizi, "na wafanyakazi wote wa maktaba." Wote, yaani pamoja na mlinzi wa kupokea mabegi, ambaye naye alipata fungu lake sawa na wengine. Hakuendelea kusoma. Alizichukua nakala zote mbili akampelekea Bi Lebo kama utaratibu ulivyo, akarudi kwenye meza yake, akapangusa kibodi.

Alasiri Bi Lebo alimwita kupitia mlango uliokuwa wazi, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Alikuwa amepandisha miwani kwenye paji la uso, na tasnifu imelala wazi mbele yake. Ili aipangie mahali, alisema, imembidi asome utangulizi, na kuna maneno ya mtu hapa yamemkwamisha. Akayasoma kwa sauti, polepole, kidole kikifuata mstari: mlango, mikono, kazi aliyoachishwa. Alipomaliza hakufunga kitabu.

"Huyu mtu simjui," alisema. "Ila mume wangu alipofariki niliendelea kufua mashuka yake kila Jumamosi. Masafi, hayajalaliwa. Nayafua, nayaanika, nayatandika. Wanangu wakadhani nimechanganyikiwa, nikaacha kuwaeleza."

Bwana Kimya alikuwa amesimama kizingitini, mkono kwenye fremu ya mlango. Angeweza kutoa pole akarudi mezani kwake. Ndivyo alivyofanya miaka yote, na hakuna aliyewahi kumlaumu.

"Ni mimi niliyesema hayo," alisema.

Bi Lebo hakushtuka wala hakuuliza mara mbili. Aliondoa rundo la vitabu juu ya kiti cha pili, akakipangusa kwa kiganja, akakisogeza. Bwana Kimya akakaa. Bi Lebo akaitazama ile mikono iliyotajwa kitabuni.

"Kaka yako si ndiye yule aliyekuja kwenye ile hafla ya kufungua jengo? Mtu wa mwili?" aliuliza. "Ulikuwa unamgeuzaje peke yako?"

Ili uulize swali hilo lazima uwe umewahi kusimama pembeni ya kitanda. Bwana Kimya alitazama huku na huku, akavuta mezani furushi la magazeti ya zamani lililofungwa kwa kamba, akalilaza ubavu. Alimwonyesha: unaanza na goti, unalikunja, mkono mmoja unaingia chini ya bega, wa pili chini ya nyonga, na mwili wako unausogeza karibu.

"Huvuti," alisema. "Unamviringisha. Uzito wake mwenyewe ndio unaofanya kazi."

"Mimi nilikuwa navuta," alisema Bi Lebo.

Akashika kiuno, akacheka kidogo kwa puani, akasema ndiyo maana mgongo huu mpaka leo hauna raha, na akamwomba amwonyeshe tena, taratibu.